Pipa la Udongo Mwekundu

Pipa la tatu lilikuwa halina kitu ndani ila udongo, na Fundi Sikio alikuwa na uhakika na hilo kama alivyokuwa na uhakika na jina la mama yake, kwa sababu asubuhi ile ile aliuchekecha udongo wake kwa wavu wa waya, akaurudisha na kuushindilia kwa mguu. Kwa hiyo detekta, mashine ya kutafutia chuma ardhini, ilipolia juu yake saa saba mchana, mbele ya mteja, alicheka kwanza.

"Umesahau kitu humo," alisema mteja, fundi bomba mnene aliyekuja kutafuta mashine ya kusakia mabomba ya zamani.

"Mimi sisahau," alisema Sikio. "Labda mashine inakusalimia."

Mashine ikalia tena. Mara tatu fupi, kimya, mara tatu fupi. Sasa detekta hailii hivyo. Ukiipitisha juu ya chuma inalia, ukiiondoa inanyamaza, haina desturi ya kupumzika ikaanza upya. Na Sikio alikuwa ameishika imetulia juu ya pipa, mkono wake hautikisiki hata kidogo.

Duka lake lilikuwa chumba kirefu chenye mashine zilizotundikwa ukutani, na nyuma kulikuwa na ua wenye mapipa matatu yaliyokatwa nusu. Kila mteja alipelekwa huko kwanza. "Usiniambie unatafuta nini," Sikio alipenda kusema, "niambie unatafutia wapi." Pipa la kwanza lilijaa mchanga wa mtoni, ambao hauna ubishi, na humo kila mashine hujiona hodari. La pili lilikuwa na udongo wa chumvi, ule unaoidanganya mashine ikalia bila sababu. La tatu lilikuwa na udongo mwekundu wa mlimani uliojaa chembe za chuma, ambao wachimbaji waliuita udongo wa ugomvi, maana ukiweka mashine ndogo juu yake hupiga makelele mpaka betri ife. Mtu alipokwisha kuona mashine aliyoitamani inavyoadhirika kwenye pipa la tatu, ndipo Sikio alipomtolea ile inayomfaa. Watu walitoka mbali kumfuata. Jina la Sikio walimpa kwa heshima, kwa kuwa aliweza kusikia sauti ya kitu kilicho chini sana, ile ambayo masikioni mwa mtu mwingine ni kama pumzi iliyokatika.

Fundi bomba alipoondoka, Sikio alilipindua pipa na kuumwaga udongo wote uani. Hapakuwa na hata msumari. Akapitisha mashine juu ya saruji mahali pipa lilipokuwa limekaa, ikalia mara tatu. Akasogea hatua mbili, ikalia mara tatu. Akaenda hadi mlangoni, na huko nako sauti ikatoka chini ya miguu yake, mbali, kwa kina ambacho hata yeye alikipata kwa kukisia. Akazima mashine. Ilikuwa imeshalia mara mbili. Ya tatu ikaja mashine ikiwa imezimwa.

Halafu ikaja harufu. Ilikuwa ya udongo uliofukuliwa leo, na ndani yake jasho la mtu aliyekaa mahali pasipo na hewa.

Sikio aliijua ile milio mitatu. Kila aliyewahi kushuka shimoni anaijua. Aliye chini hugonga ukuta mara tatu kwa mtaimbo, na walio juu kwenye winchi huvuta kamba. Ndiyo lugha yote waliyonayo wanadamu kati ya giza na jua.

Miezi minane nyuma mlima ulikuwa umemfunika mdogo wake. Kijana alishuka asubuhi na mtaimbo na ndoo ya chuma, na kabla ya adhuhuri shimo likajifunga kama halikuwahi kuwapo. Watu hawakujua wafukue wapi, kwa sababu njia za chini hupinda zinavyotaka. Wakasema mwiteni kaka yake. Kama kuna chuma huko chini, Sikio atakisikia.

Kuna jambo moja hapa lazima lieleweke. Detekta haianzi kutafuta hivi hivi. Kwanza inazoeshwa ardhi. Unachagua mahali pasipo na kitu, unapandisha na kushusha ile sahani yake juu ya udongo mpaka inyamaze, na tangu hapo inayahesabu yote iliyoyasikia pale kuwa ni ardhi tu, haitayalilia tena. Mahali pasipo na kitu: hilo ndilo sharti, na hata aliyeanza kazi juzi analijua. Lakini siku ile vumbi lilikuwa halijatua, wanawake wanalia, shemeji yake, mke wa huyo kijana, amepiga magoti kwenye matope, na Sikio akaja mbio na kuizoesha mashine mahali pa kwanza mguu wake ulipofika, kando ya mtaro. Ilichukua muda mrefu kunyamaza. Alidhani ni ugomvi wa udongo. Iliponyamaza akazunguka mlima mzima, akapata mlio mmoja upande wa pili, na watu wakafukua huko kwa siku mbili. Walipata gurudumu la winchi ya zamani.

Jioni ya pili, alipokuwa nyumbani ananawa miguu, mikono yake ikasimama ndani ya beseni. Ule haukuwa ugomvi wa udongo. Mashine ilikuwa inamwambia kitu, na yeye akakaa pale akiifundisha kunyamaza.

Angeweza kukimbia usiku ule ule. Nguvu alikuwa nazo na njia aliijua. Lakini alifikiria nyuso za wale watu. Alifikiria itakavyosemwa: Sikio, bingwa, aliizoesha mashine juu ya kichwa cha mdogo wake. Akajiambia labda si hivyo. Akajiambia labda kijana alishakufa tangu mwanzo. Asubuhi ya tatu alirudi mlimani, akatafuta kila mahali isipokuwa kando ya mtaro, na alipoulizwa habari za upande ule akasema, "Huko pametulia." Jioni watu wakaweka chini makoleo. Mwezi mmoja baadaye alipanda mlimani na gunia akachota udongo mwekundu wa kujaza upya pipa lake, kwa sababu ulikuwa udongo mzuri wa kujaribia, na mkewe alipomwambia haifai akamjibu kazi ni kazi.

Aibu ni kitu kibaya sana. Inaweza kumfanya mtu amfungie nduguye mlango huku anamsikia anagonga.

Siku ya pili baada ya lile pipa kulia, shemeji yake alibisha hodi dukani. Alikuwa dobi, mwanamke mwembamba mwenye vidole vilivyochakaa kwa sabuni.

"Karibu, shemeji. Pita ukae."

"Sikuja kukaa. Nimekuja kuchagua mashine."

"Mashine ya nini tena?"

"Wewe si huwa hutaki kuambiwa nini? Unataka kuambiwa wapi." Alimtazama usoni. "Mlimani."

Sikio akashika kitambaa, akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Miezi minane sasa," alisema dobi. "Watu wananiuliza mimi ni mjane au nimeachwa, sina la kuwajibu. Mtoto anataka nimwonyeshe baba yake alipolala. Nimnyooshee kidole wapi, shemeji? Mlima mzima? Nataka mahali pamoja tu, hata pawe padogo."

"Nakuelewa."

"Basi nipe inayoona mbali."

Alikwenda ukutani. Mkono wake ulipita mashine nzito moja baada ya nyingine, ukaishusha ile nyepesi yenye mpini wa rangi. "Hii haitakuchosha," alisema. Ilikuwa mashine ya kutafutia pete mchangani, shibiri moja chini, na juu ya udongo wa ugomvi isingeweza kujisikia hata yenyewe. Kwa miaka kumi na minane Sikio hakuwahi kumpa mtu mashine isiyomfaa. Wa kwanza kupewa akawa mke wa mdogo wake.

Dobi aliipokea, akaigeuza geuza. Na hapo mashine zote ukutani, ambazo hazikuwa na betri, zililia pamoja kwa sauti ya chini. Tatu. Kimya. Tatu.

"Nani anagonga?" aliuliza dobi.

"Ni umeme tu, shemeji."

"Umeme umekatika tangu asubuhi."

Hakupiga kelele wala hakukimbia. Alisimama amenyanyua uso, akivuta hewa polepole puani, na macho yake yakajaa maji. "Jasho hilo nimelifua miaka tisa," alinong'ona. Kisha akaiweka ile mashine nyepesi mezani kwa uangalifu, akaonyesha juu kabisa, kwenye mashine yenye mlingoti mrefu na masanduku mawili, moja kila ncha. "Na ile?"

"Ile haioni vitu vidogo."

"Alishuka na ndoo ya chuma na mtaimbo. Hivyo ni vidogo?"

"Si vidogo."

"Jumamosi, basi. Uje nayo mwenyewe, wewe ndiye unayejua kuishika."

Nyumbani hakukuwa na nafuu. Mkewe alimpokea mlangoni akiwa ameziba mdomo kwa kanga. "Usiingie jikoni," alisema kwa sauti ya chini. "Vijiko vinaongea."

"Vijiko gani?"

"Vya kwenye droo. Nilikuwa peke yangu tangu asubuhi, nyumba imetulia tuli. Umeshika kitasa tu, vimeanza."

Alikwenda kujionea, na kweli vijiko vilikuwa vinagongana ndani ya droo mara tatu na kupumzika. Alipotoka jikoni vikanyamaza na zikaanza springi za kochi. Alipotoka sebuleni kochi likanyamaza na kikaanza kitanda. Akajaribu kusimama katikati ya ukumbi, mahali pasipo na chuma cha aina yoyote, kwenye sakafu tupu, na kwa muda akadhani amepata pa kupumzika, mpaka alipohisi vigae chini ya nyayo zake vikipata joto, joto la kama mtu aliyelaza shavu upande wa pili, na akasogea na joto likasogea, akapanda juu ya kiti na kiti kikaanza kutetema, na mkewe amebana mgongo ukutani akimtazama anavyoruka ruka kama mtu aliyekanyaga siafu, bila kucheka, akasema maneno ambayo Sikio aliomba asiyasikie.

"Baba, hiki kitu hakina shida na nyumba. Kinakufuata wewe."

Wakamwita Mshona Magunia. Huyu alikuwa mama wa makamo aliyekuwa akishona magunia mchana kutwa na kutoa majini akiitwa, na kazi zote mbili alizifanya kwa uso ule ule wa mtu anayetaka kumaliza aende kwake. Alikuja dukani saa nane mchana, akakataa kuwasha kitu chochote, akaomba kigoda. Alikaa uani mbele ya ule udongo mwekundu uliomwagwa, akachota kidogo, akaunusa na kuusugua kati ya vidole.

"Yako mangapi?" mke wa Sikio alinong'ona.

"Moja. Limetoka chini mlimani limefuata gunia." Alimgeukia Sikio. "Mdogo wako amekufa, mwanangu, amepumzika au hajapumzika hilo analijua Mungu. Anayegonga si yeye. Jini hukaa nyumba iliyohamwa, shimo lililoachwa, kila mahali penye uwazi. Hili limepata uwazi ndani yako. Kuna neno umelimeza, nalo limejikunja humo."

"Neno gani?"

"Unaniuliza mimi?"

Mashine ukutani zikagonga, kwa upole, kama mtu anayejua mwenye nyumba yumo ndani.

"Dawa yake ni rahisi mno," aliendelea yule mama. "Lisingekuwa neno ningechinja kitu, ningesoma, ningepiga kelele, mngeona nimefanya kazi. Lakini neno hulitoa mwenyewe. Ukilitoa kwa hiari, jini linakosa pa kukaa, linaondoka. Ukilichelewesha, linazoea. Nalo likishazoea, mwenye nyumba siyo wewe tena. Haya, sema."

Mkewe alikuwa anamtazama. Sikio alifungua kinywa. Lile neno lilikuwa pale pale, zima, limekaa tayari ulimini kwa miezi minane. Akasema, "Siku ya tatu nilichoka. Sikutafuta kwa bidii."

Mshona Magunia alijipangusa vidole kwenye gauni. "Hilo silo," alisema, akainuka. "Mwanangu, usinicheleweshe na magunia yangu."

Jumamosi walipanda mlimani asubuhi: Sikio, mkewe, dobi, mzee wa winchi aliyekuwa zamu siku ya ajali, na wachimbaji wanne. Tangu walipofika juu, kugonga kulikoma. Sikio alisubiri, akasikiliza, hakusikia chochote, na ukimya ule ulimtisha kuliko vijiko na vitanda vyote, kwa sababu ulikuwa ukimya wa mtu anayesikiliza na yeye.

Akaishusha mashine begani, akasogea mbali kwenye mwamba mtupu, akaanza kuunyanyua na kuushusha ule mlingoti.

"Unafanya nini hapo?" dobi aliuliza.

"Naizoesha ardhi. Bila hivyo italilia udongo wenyewe."

"Na kama chini pana kitu?"

Mkono wa Sikio ulisimama hewani. "Pakiwa na kitu, itakizoea. Haitakilia."

"Siku ile uliizoeshea wapi?"

Upepo ulikuwa unapita kwenye nyasi kavu. Hapa ndipo Sikio alipopewa nafasi ya mwisho, ameulizwa kwa upole, na mtu mwenye haki ya kuuliza. Akanyoosha mkono upande wa njia. "Kule," alisema. "Karibu na kile kichaka."

Dobi hakubisha. Alimpokonya mlingoti, akaushika kwa mikono miwili kama alivyokuwa ameona, akatembea pasipo kuelekea kichakani. Alielekea kando ya mtaro. "Nilikuwa nimepiga magoti hapa," alisema, bila kugeuka. "Miguu yako ilikuwa mbele ya uso wangu. Niliiona ile sahani ikipanda na kushuka, ikipanda na kushuka. Nilidhani ndivyo mnavyoomba dua."

Mashine haikugonga mara tatu. Ilitoa sauti moja nene isiyokatika, na ikaendelea kulia mpaka mzee wa winchi alipokuja kuizima kwa mkono wake.

Wachimbaji walijiandaa kwa mita nne. Walimkuta kwenye mita moja na nusu.

Alikuwa amesimama. Ndoo ilibaki chini kabisa, mita mbili na zaidi chini ya nyayo zake, mahali njia ya shimo ilipompa nafasi ndogo ya kupumua. Kutoka hapo alikuwa amechimba kwenda juu, akiushusha udongo chini na kuukanyaga uwe ngazi, akipanda shibiri kwa shibiri gizani, na mtaimbo bado ulikuwa mikononi, umeinuliwa juu ya kichwa.

"Hii si kazi ya siku moja," alisema mzee wa winchi. "Hata mbili. Na kwa nini apande hapa? Udongo wa upande ule ni laini zaidi, na yeye alikuwa mjuzi." Akatazama ardhi, halafu akatazama viatu vya Sikio. "Mtu akiwa chini anasikia miguu ya walio juu. Alisikia mtu amesimama hapa, hatembei. Akafuata."

Mke wa Sikio alianza kulia. Dobi hakulia. Aliondoka ukingoni mwa shimo, akaja akasimama karibu sana na Sikio, hata Sikio akaona udongo mwekundu kwenye kope za shemeji yake.

"Shemeji, nakuuliza mara moja tu. Ulijua?"

Na Sikio akasema. Kitu kilipasuka ndani yake na lile neno likamtoka lote, hakubakiza. Alisema ilivyochukua muda kunyamaza. Alisema habari za jioni ya pili na beseni na mikono iliyosimama, alisema aliogopa watu watakavyomsema, alisema asubuhi ya tatu alipita mbali na mtaro makusudi huku akijua, alisema mashine nyepesi, alisema kichaka, alisema nisamehe, shemeji, usinisamehe, nipigeni mawe, lakini nimesema. Alijisikia waziwazi, sauti yake kubwa ikigonga mwamba na kurudi. Machozi yalimtiririka. Kwa mara ya kwanza katika miezi minane alihisi kifua chake kuwa chepesi.

Dobi alikuwa bado anamwangalia midomo, akingoja.

"Sema basi, baba," mkewe aliomba kwa kwikwi, akimvuta mkono wa shati. "Amekuuliza. Sema hata neno moja."

"Nimesema," alisema Sikio. "Nimeshasema yote."

"Jamani, mbona amefumba kinywa hivyo?" alisema mmoja wa wachimbaji.

Sikio akapiga ukelele. Alimshika mzee wa winchi mabega akamtikisa, akimwambia alijua, alijua, alijua, na mzee yule akauondoa mkono wake taratibu, kama unavyouondoa mkono wa mfiwa aliyepotewa na akili, na kugeuza uso pembeni kwa haya.

Dobi alingoja kiasi cha mtu kumaliza kukunja shuka. Kisha akatikisa kichwa.

"Hata leo," alisema. "Amelala hapo miguuni pako, na hata leo unaninyamazia."

Akamgeuzia mgongo, akawaambia wachimbaji wamtoe mumewe polepole, wasimvunje mikono. Nyuma yake Sikio alikuwa bado anasema.